Sura ya Tano: Ushahidi Uliokosa Mpokeaji

Mwishoni mwa The Maltese Falcon, filamu aliyoiongoza John Huston mwaka 1941, mpelelezi Sam Spade anawakabidhi polisi mwanamke aliyemuua mshirika wake wa kazi. Moyo wake uko kwa mwanamke huyo, naye hamfichi hilo, lakini polisi wanapofika mlangoni anawapa mtuhumiwa, silaha na maelezo, nao wanaondoka naye. Mwishoni mwa Chinatown, filamu ya Roman Polanski ya mwaka 1974, mpelelezi Jake Gittes naye anaujua ukweli wote: nani ameua, kwa nini ameua, na ni mali gani iliyokuwa ikiwindwa. Anamweleza luteni wa polisi palepale barabarani, muuaji akiwa amesimama hatua chache kutoka kwao. Luteni anamwamuru anyamaze, na Gittes ndiye aliyetiwa pingu. Muuaji huyo, tajiri mzee aitwaye Noah Cross, anaigizwa na John Huston yuleyule aliyeiongoza filamu ya 1941.

Katika miaka ya 1970 Hollywood ilitoa mfululizo wa filamu za wapelelezi wa kujitegemea ambazo tunaweza kuziita za masahihisho. Zilimchukua mtu yuleyule wa zamani, na ofisi yake ndogo na sigara zake, zikamtendea tofauti. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba filamu hizi zina giza zaidi na shujaa wake ni dhaifu zaidi kuliko wale waliomtangulia. Sikubaliani nayo. Giza lilikuwapo tangu mwanzo, na udhaifu pia. Kilichobadilika ni kitu kimoja kinachohusu kazi yenyewe ya upelelezi: mpelelezi wa zamani alipoupata ukweli alikuwa na mtu wa kumkabidhi, na mpelelezi mpya hana. Ushahidi hauna nguvu mpaka uwepo mkono wa kuupokea, uwe wa polisi, wa hakimu, wa mhariri au wa umma. Filamu za masahihisho ziliutazama mkono huo, na mara nyingi zikaukuta haupo.

Uzito wa badiliko hilo unaonekana ukikumbuka mpelelezi wa kubuni alikotoka. Msomaji wa Kiswahili anamjua Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyewafikia wasomaji mwaka 1960 katika Mzimu wa Watu wa Kale, kiko mdomoni na Najum pembeni. Bwana Msa ni wa ukoo wa Sherlock Holmes: fumbo linawekwa mezani, akili inalifumbua, na kufumbuliwa kwake ndiko utatuzi. Mpelelezi wa Marekani alikuja kwa njia nyingine. Dashiell Hammett alimwumba baada ya kufanya kazi ya upelelezi mwenyewe katika kampuni ya Pinkerton, na Raymond Chandler, aliyewahi kuwa mkubwa katika biashara ya mafuta, akampa jina la Philip Marlowe. Huyu ni kibarua. Analipwa kwa siku, pamoja na gharama. Anapigwa, anadanganywa na mteja wake mwenyewe, na polisi humshuku. Filamu zilizotengenezwa kutokana na hadithi hizi zilipofika Paris kwa wingi baada ya vita, mkosoaji Nino Frank aliziita noir, yaani nyeusi, mwaka 1946, na jina hilo limeganda hadi leo.

Weusi huo, hata hivyo, ulikuwa na mpaka uliowekwa kwa maandishi. Tangu 1934 hadi 1968 studio za Hollywood zilifuata kanuni za maadili zilizosimamiwa na ofisi yao wenyewe, na sharti mojawapo kuu lilikuwa kwamba mhalifu asiachwe aondoke salama. Tazama lililotokea kwa The Big Sleep. Katika riwaya ya Chandler ya 1939, Marlowe anagundua kwamba aliyeua ni binti mdogo wa mteja wake, mgonjwa wa akili, naye anaamua kulifunika jambo: dada mtu aahidi kumpeleka mdogo wake akatibiwe, na baba mzee afe bila kujua. Sheria haiambiwi kitu. Katika filamu ya Howard Hawks ya 1946 haikuwezekana mambo yaishie hivyo. Mkuu wa genge anasukumwa nje ya mlango wa nyumba, risasi za watu wake mwenyewe zinampata, kisha Marlowe anainua simu na kumpigia rafiki yake wa ofisi ya mwanasheria wa serikali, na ving'ora vinaanza kusikika. Simu ile si mapambo. Bila mtu wa upande wa pili wa waya filamu isingeweza kuisha kihalali. Kwa zaidi ya miaka thelathini mpokeaji wa ukweli alikuwa mhusika wa lazima, hata pale ambapo hadithi yenyewe haikumhitaji.

Miongoni mwa walioandika muswada wa The Big Sleep alikuwa mwanamke kijana, Leigh Brackett, akishirikiana na William Faulkner na Jules Furthman. Miaka ishirini na saba baadaye Brackett aliandika peke yake muswada wa The Long Goodbye, filamu ya Robert Altman ya 1973, na safari hii simu hakuiweka. Sijui ushahidi mwingine ulio bora kuliko huu kwamba masahihisho hayakuletwa na vijana waliokuja kukejeli wazee wao. Mtu aliyesaidia kuufunga mlango ndiye aliyekuja kuufungua, baada ya kanuni kufutwa.

The Long Goodbye inaanza na paka mwenye njaa. Ni saa za usiku wa manane, Marlowe, anayeigizwa na Elliott Gould, ameamshwa na paka wake anayetaka chakula cha kopo cha aina moja tu. Dukani kimekwisha. Marlowe ananunua cha aina nyingine, anarudi, anamfungia paka nje ya jikoni, anakihamishia chakula kile katika kopo tupu la aina anayoipenda, kisha anamfungulia na kumwonyesha jinsi kinavyotoka ndani ya kopo lenyewe. Paka ananusa, anageuka, anapita mlango wake mdogo na haonekani tena. Watazamaji wengi wameichukua sehemu hii kama mchezo wa kuanzia. Mimi naiona ndiyo ufunguo wa filamu, kwa sababu paka yule ndiye pekee anayepewa ushahidi wa uongo akaukataa. Usiku uleule rafiki yake Marlowe, Terry Lennox, anakuja na mikwaruzo usoni, anaomba apelekwe Tijuana, na Marlowe anampeleka bila kuuliza maswali ya maana. Kesho yake anajua kwamba mke wa Lennox ameuawa. Polisi wanamweka ndani siku kadhaa, kisha wanamwachia kwa habari kwamba Lennox amejiua huko Mexico. Faili limefungwa.

Kuanzia hapo filamu nzima ni ya mtu anayejaribu kukabidhi kitu ambacho hakuna anayekitaka. Marlowe wa Gould anavaa suti na tai katika Los Angeles ya watu wanaofanya yoga kwenye roshani wakiwa nusu uchi, anaendesha gari la 1948, anawasha viberiti kwenye kila ukuta anaoukaribia. Mkuu wa genge anampiga mpenzi wake mwenyewe usoni kwa chupa ili Marlowe aone, na hakuna anayeandika taarifa. Polisi hawataki kufungua tena kesi iliyokwisha. Mwishowe Marlowe anarudi Mexico, anatoa fedha ili maofisa waseme ukweli, anamkuta Lennox akiwa hai na mwenye starehe, na anampiga risasi. Katika riwaya ya Chandler ya 1953 Marlowe hamuui mtu huyu. Anamwacha aende zake. Mwisho mpya ulikuwa wa Brackett, na Altman aliupenda kiasi cha kudai usiguswe. Wako walioona hapo usaliti wa mhusika. Lakini fuata mantiki: mtu aliyezoea kupeleka kesi kituoni amekuta kituo hakipokei, basi amejifanya yeye polisi, hakimu na mnyongaji. Filamu haimsifu kwa hilo. Inaonyesha tu kinachobaki mkononi mwa mtu mwenye ushahidi pale ambapo kila dirisha la kupokelea limefungwa.

Chinatown inakwenda mbali zaidi, kwa kuwa inauliza pia kama mpelelezi mwenyewe anajua kupokea. Kwa ustadi wa kazi, Gittes ni hodari. Anataka kujua mtu ameondoka mahali saa ngapi: anaweka saa ya bei nafuu chini ya tairi la gari lake, na kesho anasoma pale ilipopondwa. Anataka kulifuata gari gizani: anavunja kioo cha taa moja ya nyuma ili mwanga wake utofautiane na wa mengine. Katika ofisi ya kumbukumbu za ardhi, karani hataki kumwazima daftari, basi Gittes anaomba rula, eti apate kufuata mstari; anaiweka juu ya ukurasa, anakohoa kwa nguvu, na chini ya kikohozi hicho anachana kipande anachokihitaji. Kipande hicho ndicho moyo wa kesi. Kinaonyesha kwamba bonde kavu la kaskazini limenunuliwa karibuni karibu lote, kwa majina ya wazee wa makao ya kutunzia wazee ambao hawajui kuwa wana ardhi. Mmoja wao alikwishakufa kabla ya tarehe aliyoandikwa kuwa mnunuzi.

Lakini mtu huyu mwenye macho makali ana masikio mabovu. Mapema kabisa, katika bustani ya nyumba ya mhandisi mkuu wa maji, mtunza bustani wa Kiasia anamwambia kwamba maji ya kidimbwi ni mabaya kwa majani. Gittes anasikia lafudhi, hasikii habari. Anamwigiza kidogo na kupita. Mhandisi huyo, Hollis Mulwray, atakutwa amekufa katika mfereji wa maji matamu huku mapafu yake yakiwa na maji ya chumvi, na nusu ya pili ya filamu itakuwa imekwenda mbali sana Gittes anaposimama tena penye kidimbwi kile na kuelewa kwamba mtu alizamishwa palepale. Alikuwa amepewa ushahidi siku ya kwanza, na kwa kuwa aliyempa alikuwa mtumishi asiyesema Kiingereza kama yeye, hakuupokea. Kisha kuna kile chumba ambamo Evelyn Mulwray, mjane wa mhandisi, anajaribu kumwambia siri ya maisha yake. Gittes anampiga kofi baada ya kofi, kila jibu analiona la uongo, mpaka inamfikia kwamba majibu yote mawili ni ya kweli: msichana anayefichwa ni mdogo wake na ni binti yake pia, kwa sababu baba yake mzazi, Noah Cross, alimzalisha. Evelyn alikuwa akisema kweli tangu kofi la kwanza. Alikwishakuwa na mpango wake wa kumtorosha msichana, na watu waaminifu wa kumsaidia. Gittes ndiye aliyewaita polisi, Gittes ndiye aliyemfikisha Cross mahali pa kukutania, na Evelyn anakufa kwa risasi ya polisi inayompata jichoni. Mwandishi Robert Towne alitaka mwisho mwingine. Polanski alishikilia huu, na nadhani alikuwa sahihi. Evelyn angeokoka, tungetoka tukiamini kwamba kosa la Gittes lilikuwa kuchelewa, wakati kosa lake lilikuwa kutosikia.

Towne hakulitunga jambo la maji kutoka hewani. Filamu yake ameiweka mwaka 1937, lakini ameazima mambo yaliyotokea mapema zaidi. Kuanzia 1905 Los Angeles ilinunua mashamba na haki za maji katika bonde la Mto Owens, mbali kaskazini, na chini ya mhandisi William Mulholland ikajenga mfereji wa karibu kilomita 375 uliofunguliwa Novemba 1913. Wakati huohuo kundi la matajiri, wakiwamo wakubwa wa gazeti la Los Angeles Times, lilikuwa limenunua ardhi katika bonde la San Fernando, ambayo ilipanda thamani maji yalipofika. Mwaka 1924 wakulima wa Owens waliulipua mfereji kwa baruti na kuyateka malango yake. Mwaka 1928 bwawa la St. Francis, kazi ya Mulholland, lilipasuka na kuua watu zaidi ya 400. Ninataja haya kwa sababu yanaeleza kwa nini hadithi ya Gittes isingeweza kuishia kituoni. Mashamba ya Owens yalichukuliwa, kwa sehemu kubwa, kwa mikataba iliyotiwa saini na kulipwa. Mwizi wa sanamu ya falkoni, ile inayowindwa katika filamu ya Huston, anaweza kukamatwa, kwa kuwa wizi ni kosa. Mtu aliyenunua bonde akijua mto utaelekezwa huko amevunja sheria gani, hasa ikiwa yeye na wenzake ndio wanaomteua msimamizi wa maji? Filamu imemfanya Cross awe pia muuaji na mnajisi wa bintiye ili tuweze kumchukia bila shaka. Bila hayo angebaki mwekezaji, na luteni asingekuwa na la kumshika nalo hata kama angetaka.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja yangu linatoka kwa wapenzi wa filamu za zamani, nao wana haki ya kusikilizwa. Watasema noir ilikuwa imeyasema haya yote kabla. Falkoni ya 1941 ilikuwa bandia, kwa hiyo watu walikufa bure. Katika Out of the Past ya 1947 mpelelezi anakufa. Katika Kiss Me Deadly ya Robert Aldrich, mwaka 1955, mpelelezi Mike Hammer ni katili asiye na akili nyingi, na anachokitafuta ni sanduku lenye moto wa nyuklia. Ni kweli, na Kiss Me Deadly hasa ni filamu inayostahili kutazamwa mara nyingi. Lakini angalia ndani yake yuko nani. Yuko luteni wa polisi anayemtajia Hammer maneno machache, majina ya mradi wa bomu na mahali lilipotengenezwa, na uso wa Hammer unabadilika. Serikali inajua kila kitu, inamzidi mpelelezi kwa kila hatua, na iko tayari kupokea ufunguo wa kulifikia sanduku lile. Tatizo la Hammer ni kwamba ameuzuia ufunguo huo kwa tamaa. Giza la 1955 ni la mtu asiyekabidhi. La 1974 ni la mtu anayekabidhi na kurudishiwa. Nionavyo, tofauti hiyo ni kubwa kuliko ya kiasi cha kivuli ukutani.

Pingamizi la pili ni la wanahistoria: kwamba haya ni matokeo ya Vietnam na Watergate tu, na filamu hizi ni hasira za msimu. Tarehe zenyewe zinaleta shida. Chinatown ilitoka Juni 1974. Richard Nixon alijiuzulu Agosti ya mwaka huohuo. Sasa, Watergate ni mfano wa ukweli uliopokelewa. Waandishi waliandika, wahariri wakachapisha, majaji wakaamuru kanda zitolewe, kamati ya Seneti ikasikiliza hadharani, na rais akaondoka. Ikiwa filamu hizi zilikuwa kioo cha magazeti, zilipaswa kutupa matumaini. Zaidi ya hayo, Alan Pakula, aliyeongoza filamu ya upelelezi Klute mwaka 1971, ndiye aliyeongoza All the President's Men mwaka 1976, ambamo waandishi wawili wanaupeleka ukweli na unafika. Nadhani maelezo ni kwamba filamu za masahihisho zilikuwa zikizungumzia kosa la aina nyingine. Uvunjaji wa ofisi za chama una wahusika, tarehe na kifungu cha sheria. Umiliki wa maji, wa ardhi na wa jiji hauna. Mfumo uliomwangusha Nixon ulithibitisha kwamba unaweza kumshughulikia mhalifu, hata awe rais. Haukuthibitisha kwamba unaweza kumshughulikia Noah Cross.

Night Moves ya Arthur Penn, ya 1975, haihitaji maneno mengi kwa hoja yangu, ingawa kwa uigizaji wa Gene Hackman ni filamu ya kiwango cha juu. Mpelelezi anayemwigiza, Harry Moseby, anabeba sataranji ndogo ya safari na kuurudia mchezo mmoja uliochezwa kweli mwaka 1922, ambao mchezaji wake angeweza kushinda kwa hatua tatu za farasi na hakuziona. Mwishowe Harry analala na jeraha katika mashua inayozunguka baharini bila nahodha, na kupitia kioo cha sakafu ya mashua anamwona anayezama: ni rafiki aliyemwamini. Amejua. Hapo katikati ya maji hakuna hata mtu wa kumwambia.

Pingamizi la tatu ni zito kuliko yote. Wanawake ndio wanaolipia elimu ya wapelelezi hawa. Evelyn anapigwa makofi ili Gittes aelewe, kisha anakufa ili Gittes ahuzunike. Jambo linazidi kuwa chungu kwa anayejua kwamba Polanski alikiri mahakamani mwaka 1977 kosa la kufanya ngono na msichana mdogo, akakimbia Marekani mwaka uliofuata kabla ya kuhukumiwa. Filamu inayofichua unajisi wa baba kwa binti iliongozwa na mtu huyo, na sitaki kujifanya kwamba hilo halihusiki. Ninachoweza kusema ni kwamba filamu yenyewe haimpi Gittes msamaha. Inaweka kifo cha Evelyn mlangoni kwake. Klute ilifanya vizuri zaidi miaka mitatu kabla. Filamu ina jina la mpelelezi, lakini ni ya Bree Daniels, malaya wa New York anayeigizwa na Jane Fonda, ambaye alipata Oscar kwa kazi hiyo. Muuaji amezinasa sauti za wanawake katika kanda na anawasikilizisha. Bree ana mtu mwingine wa kumsemea, mtaalamu wa saikolojia, na maneno anayomwambia yanaachwa yaende kwa urefu, bila mwanamume kumkatiza. Ni nadra, katika mkondo huu wote, mwanamke kusema na kupokelewa.

Na Wachina wa Chinatown? Jina la filamu ni la mtaa wao, nao wamepewa nafasi za watumishi na za watu wanaosimama kutazama maiti. Mwaka 1937, mwaka ambao hadithi inatokea, mtaa wa zamani wa Wachina wa Los Angeles ulikuwa ukibomolewa kupisha kituo kikuu cha reli. Mtaa mpya ulifunguliwa 1938. Yaani kulikuwa na watu waliopokonywa mtaa wao mjini palepale, chini ya pua ya mpelelezi mwenye bendeji puani, na filamu kuhusu upokonyaji wa ardhi haikuwatazama. Kwa filamu ninayoiheshimu kiasi hiki, hilo ni pengo la kweli.

Pengo la namna hiyo, la watu walioachwa nje kwa sababu ya rangi, lilianza kuzibwa mwaka 1995 na Devil in a Blue Dress ya Carl Franklin, kutokana na riwaya ya Walter Mosley ya 1990. Naiweka juu ya filamu nyingi zinazosifiwa kuliko yenyewe. Ni Los Angeles ya 1948. Easy Rawlins, anayeigizwa na Denzel Washington, ni Mmarekani mweusi aliyerudi kutoka vitani, amefukuzwa kazi katika kiwanda cha ndege, na nyumba yake ndogo ina mkopo wa kulipwa. Mzungu mmoja anamwekea mezani fedha ili amtafute mwanamke mweupe anayependa kwenda kwenye vilabu vya watu weusi, ambako mpelelezi mzungu hawezi kuingia na kuuliza. Kamera haiachi kuitazama nyumba ile: ukumbi wa mbele, miti, majirani. Easy si mpelelezi wa kazi. Anaikubali kazi kwa sababu ya benki.

Kinachoigeuza filamu hii kuwa sahihisho la masahihisho ni kwamba Easy hashangai. Mwanamke aliyekuwa akimjua anapouawa, polisi wanamchukua, wanampiga na kumshtaki kabla hajafungua mdomo. Haingii akilini mwake hata kidogo kuwapelekea wao alichokijua, maana hajawahi, maishani mwake, kuwa na dirisha la kupokelea. Uchungu wa Gittes na Marlowe ni wa wanaume waliodhani mlango ule uko wazi kwao. Gittes mwenyewe aliwahi kuwa polisi. Easy alizaliwa nje ya mlango. Kwa hiyo anafanya kazi kwa njia nyingine: anapima nani anahitaji ukweli gani, picha chafu za mgombea umeya zimfae nani, na nani anaweza kuwatuliza polisi. Ana rafiki wa Texas, Mouse, anayeigizwa na Don Cheadle, ambaye msaada wake unaua, na filamu haifichi gharama yake. Mwishoni yuko kwake, katika mtaa wake, hai na mwenye nyumba. Katika mwaka huohuo wa 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mahakama haziwezi kuitekeleza mikataba iliyowazuia watu weusi kununua nyumba katika mitaa ya wazungu, na mwanamke anayetafutwa na Easy ana siri inayohusu mpaka huohuo wa rangi. Filamu haikupata watazamaji wengi ilipotoka, na mfululizo ambao riwaya za Mosley zingeweza kuuzaa haukutengenezwa. Hasara ni ya sinema.

Limebaki pingamizi la mwisho, na ndilo ninalolisikia kwa watu makini: kwamba filamu za namna hii zinamfundisha mtazamaji kukaa. Ikiwa Cross hashindwi, kwa nini mtu ahangaike na rula na daftari la ardhi? Jibu langu ni kwamba mpokeaji wa ushahidi ni kitu kinachojengwa, na hakijengwi na mpelelezi mmoja. Kilichotokea baada ya Mulholland kinathibitisha. Ziwa Owens lilikauka kabisa katika miaka ya 1920, na vumbi la kitako chake likawa mojawapo ya vyanzo vikubwa vya uchafuzi wa hewa Marekani. Hakukuwa na luteni wa kumwendea. Ilibidi kwanza zipatikane sheria za mazingira, mamlaka ya hewa yenye meno, wakazi wa bonde wasiochoka na mahakama zilizokubali kuwasikiliza, na yote hayo yalichukua miongo. Kuanzia 2001 jiji la Los Angeles limelazimika kutumia maji na fedha nyingi mno kutuliza vumbi hilo, na Desemba 2006, miaka 93 baada ya mfereji kufunguliwa, maji yalirudishwa katika sehemu ya chini ya Mto Owens, urefu wa kilomita zipatazo 100.